Komando Anaogopa Chukudu

Kila asubuhi, jua likiwa bado nyuma ya vilima vya Rwanda, chukudu za kwanza hupita mbele ya lango letu hapa Kyeshero, mjini Goma, mashariki ya Kongo, zikitoka upande wa Sake. Zimebeba viazi, kabichi, mbao na makala. (Huku kwetu makala ni mkaa, kwa hiyo nikiwaambia watu wa nyumbani kwamba naandika makala, hunitazama mikono.) Chukudu, ile baiskeli ya kusukuma ya kubebea mizigo, ni mti mtupu, na magurudumu yake ni ya mti yaliyovishwa raba ya tairi kuukuu. Ikipita tupu huisikii sana. Ikipita na magunia ya viazi juu ya mawe ya lava, ardhi inanguruma kidogo, na unaisikia kwa nyayo kabla ya masikio. Hapo ndipo mbwa wetu, dume lenye kichwa kama nyundo ambalo tulilipa jina Komando, huingia chini ya meza ya jikoni akaanza kutetemeka.

Papa mmoja jirani yetu alimwona siku moja akacheka mpaka akashika ukuta. "Iyi imbwa yenu inaogopaka viazi!"

Kwa muda mrefu na mimi nilicheka.

Jumamosi ya tarehe 22 Mei 2021, jioni, volkano ya Nyiragongo ilipasuka. Wakati ule tulikuwa tunakaa Majengo, upande wa kaskazini wa mji. Mbingu iligeuka nyekundu, na wazee waliokumbuka Januari 2002, lava ilipokata mji katikati hadi ziwani, hawakungoja kuambiwa. Usiku ule lava ilishuka hadi Buhene ikasimama, si mbali na uwanja wa ndege. Tukadhani yamekwisha. Kumbe ardhi ndiyo kwanza ilikuwa inaanza. Siku baada ya siku ilitikisika, mara kidogo kama lori linalopita, mara kwa nguvu za kupasua kuta na barabara. Tarehe 27 ikatoka amri: mitaa 10 kati ya 18 ya mji ihame. Majengo ilikuwamo.

Tulitoka kwa miguu kuelekea Sake. Komando alikuwa na miezi saba, amefungwa mnyororo kwenye nguzo nyuma ya choo, kama mbwa wengi wa ulinzi wanavyofungwa katika mji huu. Kati yetu sote hakuna aliyemkumbuka isipokuwa Koko. Bibi yangu, mwenye miguu mibovu kuliko sisi wote, alirudi kutoka langoni, akamfungua, akamwambia, "Na wewe tafuta njia yako." Tukaenda.

Tuliporudi mwezi wa Juni tulimkuta chini ya ngazi, mbavu zinahesabika. Hakubweka, hakutikisa mkia. Alitutazama kama watu waliokuja kununua nyumba.

Kuanzia hapo kila kilichotetemesha ardhi kilimwingia mwilini. Tetemeko hutuma mawimbi zaidi ya aina moja: la kwanza ni la haraka na dogo, ambalo wengi wetu hatulihisi, kisha linafuata la polepole linalogonganisha sahani kabatini. Mnyama anaweza kulinasa lile la kwanza. Mara kadhaa Komando aliingia chini ya meza sekunde chache kabla yetu kushtuka, na Koko akaanza kumtumia kama kengele. Shida ni kwamba kengele ile ilikuwa inalia pia kwa lori, kwa chukudu, kwa spika za kanisa, na kwa radi iliyo bado upande wa kisiwa cha Idjwi, kule ziwani. Masikio ya mbwa nayo si kama yetu. Sisi tunaishia kwenye sauti za mitetemo 20,000 kwa sekunde, yeye anafika karibu 45,000, na paka anapita 60,000. Nyumba unayosema imetulia, kwake haijatulia hata kidogo.

Kilichonifungua macho ni kisa cha zamani cha mbali sana na Kivu. Mwezi Septemba 1924 mafuriko makubwa yaliingia mji wa Leningrad, ambao leo umerudia jina la Saint Petersburg. Ivan Pavlov, yule mwanasayansi wa mbwa wanaodondokwa mate wakipewa ishara ya chakula, alikuwa na mbwa wake kwenye mabanda. Maji yakapanda, na wafanyakazi wakawaokoa kwa kuwaogelesha mmoja mmoja. Maji yalipopungua, baadhi ya mbwa wale walikuwa wamepoteza yote waliyofundishwa. Mmoja wao alipoanza kurudia hali yake, watafiti waliacha maji kidogo tu yapenye chini ya mlango wa chumba alimokuwa, na vurugu ikarudi upya kana kwamba mto umeingia tena.

Nilipomaliza kusoma nilimtazama Komando, nikaacha kumcheka.

Lakini kabla ya kufika hapo tulikuwa tumeshaharibu mengi. Kwetu mbwa ana kazi moja, kulinda parsele, yaani kiwanja na nyumba. Mbwa mwoga ni kama kufuli lisilofunga. Baba mdogo alikuja akamkagua, akauliza, "Imbwa ya woga ni ya kazi gani?" Akatoa dawa zake: mnyororo ufupishwe, chakula kitiwe pilipili ili awe mkali, na akijificha atolewe kwa fimbo mpaka azoee. Tulifanya mawili ya kwanza kikamilifu na la tatu nusunusu, maana Koko alikuwa anapiga kelele kuliko mbwa.

Na kweli akawa mkali. Alimng'ata paja kijana anayetuletea maji kwa bidoni (dumu), mtoto wa watu aliyekuwa akimsalimia kila siku. Tuliosha lile jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima, kijana analia, tukampeleka kudungwa chanjo ya kichaa cha mbwa, na tukalipa. Komando alikuwa amechanjwa, nashukuru, lakini kwa kichaa cha mbwa mtu hangoji kuona, maana dalili zikishaanza hakuna tiba.

Usiku ule baba mdogo alifurahi: sasa mna mbwa. Mimi nilikuwa nimeuona uso wa Komando kabla ya kung'ata. Mkia ulikuwa tumboni, masikio yamelala nyuma, na weupe wa macho unaonekana pembeni. Bidoni tupu ilikuwa imeanguka juu ya mawe kwa kishindo, yule kijana akaruka upande wa mbwa, na mnyororo ulikuwa wa mita moja. Hakuwa na pa kukimbilia.

Wengi wa mbwa tunaowasifu mjini kwa ukali ninaamini ni hao hao. Wanaogopa, wamefungwa, na wamegundua kwamba meno yanafukuza watu. Mlinzi mzuri ni yule anayebweka mgeni akija na kunyamaza mwenye nyumba akisema basi. Anayeng'ata kivuli chake mwenyewe hatakulinda siku ya mwizi, maana utakuwa umeshazoea kutomsikiliza.

Tulianza na mnyororo. Tulimfungua, tukaziba mianya ya ua kwa mawe ya lava, ambayo Goma hayajawahi kumpungukia mtu. Chini ya mkufu tulikuta kidonda kilichozunguka shingo, na daktari wa mifugo alituambia neno nililolishika: maumivu na woga hukaa nyumba moja. Mbwa anayeumwa jino, sikio au nyonga hushtuka zaidi kwa kelele, kwa hiyo kabla ya kuanza mafunzo yoyote mnyama apimwe mwili kwanza.

Kisha tukamtafutia mahali pake. Mimi nilikuwa na wazo zuri mno. Nyuma ya nyumba kulikuwa na shimo kwenye lava, kama pango dogo, lenye giza na ubaridi, nikasema hapa ndipo. Nililifagia, nikaweka gunia. Koko alipoona alinipiga kofi la mgongo. "Unataka kuiua? Hapo si mazuku?"

Kwa wasiokaa huku: mazuku ni hewa nzito inayotoka ardhini hasa upande wetu huu wa magharibi ya mji, karibu na ziwa. Ni kaboni dayoksaidi. Haina rangi, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida hujaa mashimoni na mabondeni kama maji kwenye beseni, zaidi usiku na alfajiri upepo ukiwa umelala. Wanasayansi wa volkano duniani wameliacha neno hili katika Kiswahili chake, wanaandika mazuku. Mtu mzima anaweza kupita amesimama asihisi kitu, huku mbwa au mtoto, ambaye pua yake iko chini, anaanguka. Kwa hiyo kama unaishi Goma na unataka kumpa mbwa pa kujificha, mweke juu, ndani ya nyumba ikiwezekana, kamwe si shimoni.

Tukarudi pale pale alipokuwa amepachagua mwenyewe, chini ya meza ya jikoni. Tulishusha blanketi nzito pande tatu, tukaacha upande mmoja wazi, tukatandika gunia na fulana yangu kuukuu isiyofuliwa. Jikoni kwetu kuna dari ya mbao, na hilo lina maana yake, maana mvua ya Goma juu ya manjanja, yaani mabati, bila dari ni ngoma ambayo hata mimi sisikii simu. Sheria ikawa moja: akiwa humo, hakuna anayemvuta, hakuna anayemchungulia, hakuna mtoto anayeingia naye. Mama alinung'unika wiki mbili kwamba anapika akikanyaga mkia. Akazoea.

Kuhusu kumbembeleza, nilikuwa nimeambiwa na watu wanaojiamini sana kwamba ukimbembeleza mbwa anayeogopa unamfundisha kuogopa. Si kweli. Woga hauongezeki kwa sababu mtu amekushika bega. Akija mwenyewe kwangu wakati wa radi namwekea mkono ubavuni, nampapasa polepole. Asipokuja simfuati.

Hayo yalipunguza makali tu. Kazi yenyewe ni ya siku za utulivu, na hapa ndipo wengi hukata tamaa kwa sababu hakuna kinachoonekana. Unachotafuta ni kwamba sauti inayomtisha igeuke kuwa habari ya kitu kizuri, na ianze ndogo kiasi kwamba haimtishi. Nilirekodi mvua kwenye simu, juu ya bati letu wenyewe. Nikaanza kuicheza kwa sauti ambayo mimi mwenyewe niliisikia kwa shida, na kila ilipoanza, Komando alipata sambaza, samaki wadogo wa Ziwa Kivu. Sauti ikizimwa, sambaza nao wanakwisha. Sambaza ni zawadi nzuri kwa sababu harufu yake inafika kabla yake. Wawe wakavu, wasiwe na chumvi nyingi, wala wasitoke kwenye sufuria ya mchuzi, kwa maana kitunguu ni sumu kwa mbwa na kwa paka pia. (Sambaza wenyewe si wa ziwa hili, walitolewa Tanganyika wakapandwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950. Leo hakuna anayewaona wageni.)

Kipimo ni mdomo wake. Anakula, tunaendelea. Anachukua kwa pupa akiangalia mlango, tunabaki hapo hapo. Anakataa sambaza, basi nimezidisha, narudi nyuma. Kwa wiki tatu nilipandisha sauti kwa nukta moja moja kwenye simu, na nikajiona profesa.

Kisha ikanyesha mvua ya kweli, akatetemeka kama zamani.

Simu ndogo haina ule mngurumo wa chini. Inatoa mvua ya juu juu, ya matone, lakini kinachomtisha Komando ni kile kinachopita kwenye sakafu. Nilikaa siku nyingi bila jibu, mpaka Jumapili moja nikakumbuka kwamba Goma hatukosi besi. Kuna kanisa mtaa wa pili lenye spika kubwa kuliko madirisha yake, na ibada haianzi bila ngoma ya umeme kupimwa nusu saa. Sauti ile siwezi kuipunguza, lakini umbali naweza kuupima kwa miguu.

Jumapili ya kwanza tulisimama mbali sana, kwenye kona ya wauza mandazi, ambapo besi inasikika kama mtu anagonga mlango nyumba ya tatu. Sambaza, dakika tano, tukarudi. Jumapili iliyofuata, mti mmoja mbele. Iliyofuata, hapo hapo, kwa sababu alikataa kula. Kulikuwa na Jumapili tuliyorudi nyuma hatua hamsini kwa kuwa kwaya ilikuwa na wageni. Watoto walitufuata wakiimba "Muzungu na imbwa yake," nami ni mweusi kama makala niliyoyataja juu. Mama mmoja wa mandazi aliniuliza kwa upole kabisa, "Mutoto wangu, unaombea imbwa?" Nikamjibu karibu ndiyo.

Ilituchukua miezi saba kufika mbele ya ukuta wa kanisa. Siku hiyo Komando alikaa chini, masikio yamesimama, akapiga miayo mara mbili. Miayo ya mbwa si usingizi kila mara. Pamoja na kulamba midomo pasipo chakula, kugeuza uso pembeni, na kuhema ulimi nje wakati hakuna joto, ni maneno yake ya kusema hapa sipo vizuri. Nilipoyaona nikarudi naye hatua kumi. Huko akala.

Njia yenyewe ilimsaidia kuliko nilivyotarajia. Mbwa aliyefungwa miaka miwili alikuwa hajawahi kunusa kona ya barabara. Mwanzoni nilimharakisha, naona haya kusimama kumngoja akisoma nguzo ya umeme. Baadaye nikaelewa kwamba kunusa ndiko kunakomtuliza moyo. Pua ikifanya kazi chini, mkia unalegea. Sasa alfajiri anachagua yeye njia.

Paka ana mambo mengine. Wetu anaitwa Shefu, aliletwa kwa ajili ya panya na bado analipwa kwa panya. Mwishoni mwa Januari 2025, vita vilipoingia mjini, tulilala kwenye korido katikati ya nyumba, godoro limeegemezwa dirishani. Komando alikuwa chini ya meza. Shefu alitoweka. Alionekana siku ya tatu juu kabisa ya kabati, ndani ya katoni ya mafuta ya kupikia, macho yamejaa weusi mtupu.

Tulimwacha humo. Niliwahi kusoma kwamba huko Utrecht, Uholanzi, mwaka 2014, walichapisha utafiti juu ya paka waliotoka kuingizwa kwenye kituo cha wanyama: wengine walipewa sanduku la kujificha, wengine hawakupewa. Waliopewa sanduku walitulia mapema zaidi. Kwa hiyo katoni ya Shefu haikuondoka. Tulimpandishia maji na chakula kidogo, na mtoto wa dada yangu akawa anasimama mbali, anafumba macho polepole na kuyafumbua, bila kumkodolea. Nilidhani ni mchezo wa kitoto, kumbe na hilo limepimwa Uingereza, matokeo yakatoka 2020: paka wengi hujibu kwa kufinya macho yao, na humkaribia zaidi mtu afanyaye hivyo. Kumkazia paka macho ni kumtisha. Sisi nyumba nzima tulikuwa tunamkodolea ili tuone kama anaogopa.

Wiki iliyofuata alikojoa juu ya godoro langu. Dada alisema ni kisasi. Paka hana daftari la madeni. Mchanga wake tulikuwa tumeuhamishia mlangoni, kila mtu anapita. Tuliurudisha kwenye kona, mambo yakaisha. Jambo moja tu sitaki lichukuliwe kirahisi: paka dume akichuchumaa mara kwa mara na mkojo hautoki, huo si ukaidi. Mfadhaiko unaweza kuamsha ugonjwa wa kibofu, njia ikaziba, na baada ya siku mbili tatu akafa. Hapo ni daktari siku hiyo hiyo. Hali kadhalika paka aliyeacha kula kabisa kwa siku kadhaa, ini lake huharibika.

Dawa za watu wasipewe. Wakati wa milio ya risasi jirani mmoja alinipa nusu kidonge cha usingizi kwa ajili ya Komando, kwa moyo mzuri. Paracetamol tunayoinywa sisi kama maji humuua paka. Hata dawa za mifugo si zote sawa: ipo ya kulaza ambayo hulegeza misuli huku woga ukibaki kichwani, mnyama anasikia kila kitu na hawezi kujisogeza. Ipo pia inayoshusha woga wenyewe, lakini hiyo ni ya kupimiwa na daktari. Na mbwa mpole akibadilika ghafla, mate yanamtoka, anashindwa kumeza, anakwenda ovyo, usikae naye chini ya meza na sambaza. Fikiria kichaa cha mbwa, mfungie mbali na watu, ita wahusika.

Juzi usiku ilinyesha. Umeme ulikatika kabla ya radi ya kwanza, kama kawaida ya mji wetu. Nilimsikia Komando akinyanyuka sebuleni, kucha zake kwenye sementi, akaingia chini ya meza mwenyewe, bila haraka. Radi ikapiga. Nilimulika kwa simu nikaona mgongo wake unatetemeka. Nikanyoosha mkono na sambaza mmoja, nikaushikilia hapo kwenye giza muda mrefu mpaka bega likauma. Hakuchukua.

Asubuhi chukudu zikapita, tatu zikifuatana, zimejaa viazi. Komando alikuwa mlangoni akila. Akainua kichwa, akasikiliza kwa miguu, akageuka kwenda chini ya meza. Nusu ya njia akasimama, akarudi, akachukua sambaza wawili waliobaki kwenye sahani, akaenda nao.